Ningu wa Kisian Ndani ya Kompyuta

Alhamisi, Aprili 1993

Tangu asubuhi hewa ilikuwa nzito. Shati lilishikana na mgongo kabla ya saa nne, na ziwa lilitulia kwa namna ambayo watu wa hapa hawaiamini. Saa tisa alasiri mvua ikashuka kwa mara moja, ikapiga mabati ya kituo chetu cha utafiti mpaka tukawa hatusikiani. Sasa imekwisha. Ni jioni, na dirisha langu liko wazi.

Leo nimeaibika na nimestaajabu, na nikipima kwa haki naona kustaajabu ndiko kulikozidi.

Shajara yangu, unanijua. Unajua kwamba tangu nilipovaa joho la kuhitimu sijawahi kushindwa katika ubishi wowote pale kituoni, au tuseme sijawahi kukubali kwamba nimeshindwa. Kurasa zako zimejaa ushindi wangu. Ni haki basi ukurasa wa leo nao upate kilicho chake.

Nianze na mashine. Miezi miwili iliyopita Daktari Adhiambo, mkuu wa sehemu yetu ya samaki, alirudi kutoka masomoni ng'ambo akiwa na disketi mbili ndani ya bahasha ya kaki. Alisema ndani ya disketi hizo mna programu ya kutunza marejeo. Kila makala, kila kitabu, kila ripoti iliyowahi kuandikwa kuhusu ziwa hili ingepata rekodi yake kwenye kompyuta: mwandishi, mwaka, kichwa, mahali ilipohifadhiwa, na maneno machache ya kuitafutia. Mimi nilipinga. Nilisema mtu aliyesoma sawasawa hubeba marejeo yake kichwani, na kwamba mashine ya kukumbuka ni mkongojo anaopewa mwenye miguu mizima. Nilisema pia kwamba tuna kabati la kadi la Mzee Nashon, nalo halihitaji umeme. Nilizungumza vizuri sana. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanivutia kiti mbele ya kibodi.

"Utaanza na kadi za A," akasema.

Mzee Nashon ndiye mtunza chumba cha kusomea. Zamani alikuwa msaidizi wa maabara. Macho yalipoanza kumsumbua akahamishiwa kwenye kadi, na kadi hizo amezitunza kwa ukali ambao sijauona hata kwa wasimamizi wa mitihani. Ukirudisha kadi mahali pasipo pake anakuita kwa majina yako yote mbele ya watu. Mimi haniiti Tobias. Ananiita Profesa, na hakuna mtu pale kituoni anayedhani kwamba ni heshima. Kompyuta ilipowekwa mezani kwake, karibu na kabati, aliitandikia kitambaa cha meza ili isichafue mbao, na tangu hapo huiita "hiyo kitu".

Kwa muda wa wiki tano nimekaa mbele ya kioo cheusi chenye herufi za kijani, nikichukua kadi moja baada ya nyingine. Nilipofika droo ya chini nilikuta kadi za ripoti za ndani, yaani zile karatasi zilizopigwa chapa hapa hapa kituoni au kuandikwa kwa mkono, zikawekwa kwenye mafaili na zisipelekwe popote. Nikasimama tena kubisha. Nilimwambia Daktari kwamba maandishi ambayo hayakuchapishwa, wala hayakupitiwa na wataalamu wengine, hayastahili kukaa safu moja na elimu. Nilitaja mifano. Nadhani nilitaja hata wanafalsafa.

"Tobias," akasema, "samaki hajui kama ripoti yake imechapishwa. Ingiza zote."

Niliziingiza zote, kwa hasira na kwa kasi. Nikajiwekea mashindano mimi na mimi, nikihesabu ni kadi ngapi naweza kumaliza kabla ya chai. Na kwa kuwa sikutaka mtu mwingine aje adai jasho langu, kila rekodi niliipachika chini herufi za majina yangu, T.O., zaidi ya mara elfu moja. Nakiri hapa kile ambacho sijamwambia mtu: nilikuwa nanakili. Sikuwa nasoma.

Hata hivyo mashine ilianza kunitikisa kabla ya leo. Siku ya kwanza ya kadi kukamilika, Daktari aliniambia niziagize zijipange kwa mwaka. Nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka kidogo, diski ikakwaruza, na ziwa zima likajipanga mbele yangu kuanzia wazungu waliokuja na nyavu za kwanza za kupimia mpaka karatasi ya mwezi uliopita. Kabati la Mzee Nashon limepangwa kwa majina ya waandishi. Kulipanga upya kwa mwaka kungemchukua mtu msimu mzima, na Mzee angemfukuza kabla hajamaliza droo ya kwanza.

Siku nyingine ilinionyesha jambo dogo zaidi, lakini lililoniuma. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya shahada, niliipiga chapa orodha ya marejeo mara tatu kwa sababu msimamizi wangu alitaka miaka iwe ndani ya mabano, kisha iwe mwishoni, kisha irudi kwenye mabano. Vidole vyangu vilivimba. Sasa Daktari alinyoosha mkono juu ya bega langu, akachagua mtindo mwingine, na mabano yote yakaondoka. Akachagua tena, yakarudi. Nilisogeza uso karibu na kioo kiasi kwamba Mzee Nashon aligeuka kutazama kama nimeugua.

Lakini hayo yalikuwa maajabu ya mikono. La leo ni la namna nyingine.

Kesho Ijumaa asubuhi ninapaswa kupeleka posta maombi yangu ya shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha ng'ambo. Barua ikichelewa zaidi ya kesho haitafika kwa wakati. Cheti kipo, barua za walimu zipo, na kilichobaki ni andiko la utafiti ninaotaka kufanya, kurasa tano, nililolipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Linahusu ningu.

Ningu ni samaki wa ziwani ambaye mvua kubwa zikianza hupanda mitoni kutaga mayai. Watafiti wote niliowasoma wamempima kwenye mito mikubwa. Mimi nimezaliwa Kisian, na nyuma ya boma letu kuna kijito ambacho mtoto anaweza kukiruka wakati wa kiangazi. Masika mawili mfululizo nimeamka mapema, nikatega mtego wa kikapu kwenye kijito hicho, na nikapima ningu thelathini na mmoja. Thelathini na mmoja, mahali ambapo hakuna mtaalamu aliyefikiri hata kuinama. Kutokana na samaki hao nilijenga hoja kwamba vijito vidogo ndiyo maficho ya ningu, kwamba huko bado wamestawi wakati mito mikubwa imewapoteza. Na sentensi ya kwanza ya andiko langu, niliyoiandika upya mara nne, ilisema hivi: "Hadi sasa hakuna mtafiti yeyote aliyewahi kuchunguza upandaji wa ningu katika vijito vidogo vya ghuba hii."

Chuo kile kinataka wanafunzi wenye jambo jipya. Nafasi yangu yote ilikaa juu ya neno "hakuna".

Asubuhi Daktari alilisoma andiko akiwa amesimama kando ya gari la kituo, akisubiri dereva ampeleke Bondo kwenye mkutano wa wavuvi. Akaweka kidole juu ya neno hilo.

"Umeuliza?"

"Daktari, nimesoma kila kitu kilichoandikwa kuhusu ningu."

"Sikuulizi kama umesoma. Umeiuliza ile mashine?"

Nikaeleza kwamba mashine haina kitu ambacho mimi sikukiweka humo, kwa hiyo kuiuliza ni sawa na kujiuliza mwenyewe. Niliona ni hoja safi. Yeye aliingia garini, akashusha kioo.

"Basi jiulize. Ni dakika moja. Kabla hujaandika hakuna, uliza."

Nilikwenda kuuliza nikiwa na nia moja tu, kuchapa ukurasa mtupu wa majibu na kuuweka juu ya meza yake bila maelezo. Lakini kazi za maabara zilinishika, nikakaa mbele ya kompyuta baada ya chakula cha mchana, mawingu yakiwa yameshasimama upande wa Kisian. Mzee Nashon alikuwa mezani kwake akibandika lebo. Nikaandika neno moja, ningu, nikabonyeza.

Diski ikakwaruza. Rekodi kumi na moja.

Nilizipitia kwa furaha ya mtu anayekutana na watu anaowafahamu. Huyu wa mto mkubwa wa kaskazini nimemsoma. Huyu wa kusini nimemsoma na kumkosoa. Kumi zilipita hivyo. Ya kumi na moja, ambayo kwa mpangilio wa miaka ndiyo iliyotangulia karibu zote, ilikuwa na kichwa kilichosema, kwa Kiingereza cha ofisini, hesabu ya ningu wanaopanda kijito cha Kisian katika misimu mitatu ya masika. Mwaka ulikuwa wa mwanzoni mwa uhuru, kabla sijazaliwa. Mahali: stoo, faili la kijani. Mwandishi: Jauyoma.

Na chini kabisa, kwa herufi za kijani zisizotikisika: T.O.

Niliipitisha rekodi hiyo mikononi mwangu wiki tatu zilizopita. Nililiandika neno Kisian, jina la kwetu, herufi kwa herufi, nikaweka saini yangu, nikachukua kadi inayofuata. Na kama ningeshinda ule ubishi wa droo ya chini, ubishi ambao hadi leo mchana niliamini kwamba nilistahili kuushinda, ningu hao wasingekuwemo. Ningeuliza, mashine ingenijibu kwamba hakuna, na ningetembea kifua mbele mpaka posta.

Sasa linakuja jambo ambalo naliandika kwa shida.

Kuna kitufe cha kufuta rekodi. Nilikibonyeza. Si kwa bahati mbaya. Programu ikauliza, kwa adabu kuliko mtu yeyote aliyewahi kunihoji, kama nina hakika: ndiyo au hapana. Alama ndogo ikawa inawaka na kuzima mbele ya swali, ikinisubiri. Niliwaza kwamba jina Jauyoma maana yake ni mtu wa Uyoma tu, kwamba si mtu wa kutambulika, kwamba pengine amekwisha kufa, kwamba chuo cha ng'ambo hakitawahi kuja kufungua faili la kijani katika stoo ya Kisumu. Hoja zilikuja zenyewe, zimepangika. Ndipo nilipoona kwamba kipaji changu cha kubishana kinaweza kufanya kazi upande wowote ule.

Radi ikapiga karibu sana. Mzee Nashon akainuka.

"Omera, zima hiyo kitu! Unataka tuungue?"

Ni sheria ya kituo: radi ikianza, kompyuta inazimwa na waya unachomolewa ukutani. Lakini programu haikubali kufungwa mpaka swali lake lijibiwe. Nikajibu hapana. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ndiyo iliyobonyeza. Sina hakika. Huenda nilikumbuka tu kwamba kadi bado imo kabatini.

Maana hapo ndipo miguu iliponipeleka. Mvua ilishaanguka, chumba kimekuwa na giza, na mimi nimesimama mbele ya droo ya chini, kidole changu kikipita juu ya kadi. Nikaipata. Ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyochacha, imepigwa chapa kwa mashine yenye herufi n iliyokatika mguu. Nikaitoa. Hata sasa siwezi kukuambia kama nilikuwa naitoa niisome au niitie mfukoni.

"Profesa!" Ilibidi apaze sauti juu ya mvua. "Hiyo droo unavuta kama ya jikoni. Unataka nini huko?"

Nikampa kadi. Ndilo jambo pekee la leo ambalo kwalo siionei haya mikono yangu.

Aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaenda nayo dirishani. Halafu akacheka puani.

"Jauyoma," akasema. "Huyu kijana alikuwa ngumu sana. Huyu ni mimi."

Nadhani nilisema kitu kama haiwezekani.

"Tulikuwa Nashon wawili hapa. Mwingine wa Gem. Bwana mkubwa wa wakati huo, mzungu, akachoka kuchanganya. Akaniambia, wewe utakuwa Jauyoma. Nikawa Jauyoma mpaka akarudi kwao. Yeye alinituma Kisian kwa sababu mto mkubwa ilikuwa imebeba daraja, gari haiwezi kupita. Akasema pima hata hiyo maji ndogo, usikae bure. Nikapima masika tatu."

"Mzee, umeniona nikitoka hapa na mtego. Masika mawili."

"Nilikuona."

"Na ulijua ninakokwenda."

"Si ulitangazia kila mtu?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta jibu lililo fupi kuliko yote.

"Hukuuliza. Na ulikuwa unaongea. Mimi nikasema, wacha amalize." Akairudisha kadi mezani, akainyoosha kona. "Mpaka leo hujamaliza."

Tulisubiri mvua ipungue, tukaenda stoo. Faili la kijani lilikuwa chini ya maboya ya zamani, na ndani yake mlikuwa na ripoti ya kurasa nne pamoja na daftari la shule lililofungwa kwa kitambaa cha turubai. Ripoti niliiacha. Nilifungua daftari.

Siku, saa, kina cha maji kilichopimwa kwa fimbo yenye alama, idadi ya majike, idadi ya madume, urefu wa kila mmoja, hali ya mbingu. Mistari iliyonyooka, wino wa buluu. Mwandiko ni ule ule wa lebo za kabati, ila wenye nguvu za ujana. Nilianza kuhesabu ukurasa wa kwanza, asubuhi ya kwanza ya mvua ya kwanza, na kabla sijafika katikati ya ukurasa nilikuwa nimepita thelathini na mmoja.

Nilirudia kuhesabu. Kisha nikafunua mbele. Kulikuwa na asubuhi za samaki mia, asubuhi za mia mbili. Mahali pamoja, mwishoni mwa wiki ya pili, safu za tarakimu zilikatika na chini yake kulikuwa na maneno machache tu: "Leo tumeacha kuhesabu. Kikapu kimepasuka."

Kijito kile kile. Nyuma ya boma letu.

Sijui kama nitaweza kukueleza vizuri, shajara yangu, kilichonipata pale stoo, maji yakichuruzika kutoka kwenye mabati. Mimi nilikuwa na samaki thelathini na mmoja kwa masika mawili, na kwa kuwa sikuwa na cha kuwalinganisha nacho, niliwaita wingi. Niliandika kwamba wamestawi. Nilijenga juu yao kurasa tano za maneno yenye ushupavu. Kumbe sikuwa nimevumbua maficho. Nilikuwa nimewafikia waliobaki, nikawahesabia kama jeshi.

Mzee Nashon naye alikuwa akisoma juu ya bega langu. Hakuwa na utani tena.

"Na wewe ulipata wangapi?"

Nikamwambia.

"Kwa siku?"

"Kwa yote, Mzee."

Alisema tu, "Hapana," kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba wa jirani, kisha akachukua daftari mikononi mwangu na kulifunga.

Mvua ilipokwisha tuliwasha tena kompyuta. Yeye ndiye aliyedai. Alivuta kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya hiyo kitu, akaweka daftari juu ya mapaja.

"Ondoa Jauyoma. Andika jina yangu yote."

"Mashine inataka jina la ukoo litangulie," nikasema. "Utakuwa Ogada, halafu herufi za mwanzo."

"Ogada ni baba yangu."

"Ndiyo, lakini kwa utaratibu wa marejeo ya kimataifa jina la mwisho ndilo—"

"Baba hakupima samaki. Alikuwa anakula tu."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maelezo kamili, yenye historia yake. Nikaufunga mdomo. Nikaandika Owuor, jina alilopewa siku ya kuzaliwa, kisha N. ya Nashon, kisha nikaiagiza programu ipange upya orodha nzima ya waandishi.

Taa ikawaka. Diski ikakwaruza. Na mbele ya macho yetu wawili, katikati ya wale maprofesa wa ng'ambo ambao majina yao amekuwa akiyapigia chapa kwenye kadi nusu ya maisha yake, safu ikaachana mahali pamoja na Owuor, N. akaingia, mstari kamili, mwaka kamili. Waliokuwa chini yake wakashuka hatua moja kumpa nafasi.

Mzee Nashon aliondoa miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Rudisha," akasema. "Nione tena vile inaingia."

Nikarudisha. Nikapanga upya. Tukaitazama mara nne.

Daktari Adhiambo alirudi saa kumi na moja, viatu mkononi, matope mpaka magotini, akachungulia mlangoni.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza."

Aliyatazama mafaili yaliyotapakaa, daftari, na Mzee aliyekaa mbele ya kioo. Sikumwona akifurahia ushindi wake; mimi katika nafasi yake ningefurahia. "Basi sasa una kazi," akasema, akaenda kunawa miguu.

Nimetembea kurudi nyumbani nikifikiria mashine ile. Nilidhani ni ya kukumbuka, na ndiyo maana niliidharau. Kukumbuka, kadi zilikumbuka miaka yote hii. Kinachonitetemesha ni kwamba haijali cheo cha mtu. Haikujua kwamba mimi nimehitimu. Haikujua kwamba Jauyoma alikuwa msaidizi aliyepewa jina la kumtofautisha na msaidizi mwingine. Iliulizwa habari za ningu, ikamleta kila aliyewahi kusema kitu kuhusu ningu, ikawapanga mstari mmoja. Nimesoma vitabu vingi vinavyozungumzia usawa wa binadamu mbele ya elimu. Leo nimeuona, kwa herufi za kijani, juu ya kitambaa cha meza.

Na nilikuwa karibu kuufuta.

Andiko nimeliandika upya. Sentensi niliyoipenda haipo. Iliyochukua nafasi yake inasema: "Upandaji wa ningu katika kijito cha Kisian ulipimwa kwa mara ya kwanza na Owuor, kwa misimu mitatu; andiko hili linauliza kimetokea nini tangu wakati huo." Kwa hiyo si mimi wa kwanza. Kurasa tatu kati ya tano nimezitupa. Inawezekana kabisa kwamba chuo kile kitamchagua mtu mwingine mwenye neno "hakuna" katika sentensi yake ya kwanza, na sitajua kamwe kama aliuliza. Hilo linaniuma. Sitajifanya kwamba haliniumi.

Posta inafunguliwa saa mbili. Kabla ya hapo nina miadi. Mzee Nashon anasema mvua ya leo ndiyo yenyewe, ndiyo inayowaamsha ningu, na kwamba zamani asubuhi ya kesho yake ndiyo iliyopasua kikapu. Atanisubiri Kisian barabarani alfajiri, na fimbo yake ya alama, kama bado ipo. Tutashuka kijitoni pamoja, tutatega, tutahesabu, na hesabu hiyo itakuwa mstari wa mwisho wa andiko kabla sijafunga bahasha.

Nimeacha nafasi ya tarakimu moja au mbili mwishoni mwa ukurasa wa tano. Kama kikapu kitatoka na maji matupu, je, nitakuwa na moyo wa kuandika sifuri?